Chuo Alichonichagulia Mjomba

Vijana wanaomaliza kidato cha nne hunijia kuniuliza waende chuo gani. Huwajibu kwamba sijui, nao hununa. Wanataka niwatajie jina, waondoke zao. Mimi nawaambia nendeni mkakione kwanza, tena siku ambayo hamkualikwa, na wala msimtafute mkuu wa chuo. Yeye kazi yake ni kukisifu. Nasema kwa ukali kwa sababu mimi nusura niozeshwe chuo.

Ilikuwa enzi ya ruksa. Pale Newala wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kununua korosho, mitumba imejaa sokoni, na vyuo navyo viliota popote penye nyumba tupu. Mjomba wangu alikuwa wakala wa mnunuzi mmoja. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Baba yangu mzazi alikuwa akikohoa kwanza kabla ya kuchangia jambo linalonihusu. Basi siku moja mjomba akarudi kutoka Masasi, akatutangazia kwamba amenipatia chuo cha uhazili. Nitajifunza kupiga chapa, nitakaa ofisini chini ya feni.

"Nshaongea na mkuu wa chuo mwenyewe," alisema. "Mtu wa maana yule. Anafunga tai."

Mimi nilitaka uuguzi. Nilikuwa nimemuuguza bibi hospitalini Ndanda, nikawaona wanafunzi wakimgeuza kitandani na kumsafisha vidonda, mwalimu wao amesimama nyuma, akiwakemea papo hapo wanapokosea. Nilitamani na mimi nikemewe hivyo. Nilipomwambia mjomba alicheka sana.

"Kuosha vinyesi vya watu ndiyo elimu?"

Sikubishana naye. Niliaga kwamba nakwenda Lisekese kumsalimu shangazi, nikateremka na lori la korosho mpaka Masasi. Chuo kilikuwa kwenye ghala la zamani, madirisha wazi kwa joto. Ndani wasichana walikuwa wameinama, vidole vinagonga meza kwa bidii, lakini sikusikia mlio wa mashine hata mmoja. Nikasogea dirishani. Mbele ya kila mmoja palikuwa na kipande cha boksi la sabuni, kimechorwa herufi kwa wino mzito. Mashine ya chapa ilikuwa moja tu, juu ya meza ya mkuu, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Nilimngoja msichana mmoja aliyetoka kununua maandazi.

"Dada, mashine mnaanza lini?"

Akageuka kutazama nyuma yake. "Mimi niko mwaka wa pili," akasema, akaondoka.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nilimkuta mjomba uani kwetu, ananunua korosho. Mjomba hakununua gunia bila kulimwaga lote turubaini, kwa kuwa watu walikuwa na mchezo wa kuficha mchanga chini. Alizipasua chache, akazinusa. Nilingoja muuzaji aondoke.

"Shangazi hajambo?" aliniuliza.

"Sikufika kwa shangazi, mjomba. Nimekwenda Masasi kukimwaga chuo chako."

Nikamweleza maboksi ya sabuni na yule dada wa mwaka wa pili. Mama alijiziba mdomo kwa kanga. Mjomba hakuniambia kwamba mimi ni mwongo, na hilo liliniudhi kuliko kama angeniita mwongo.

"Nshatoa neno kwa yule bwana. Utakwenda."

"Siendi."

"Basi utakaa."

"Nitakaa."

Nikakaa kweli. Nililima, niliokota korosho, nilipanda milima na ndoo ya maji kichwani. Wenzangu waliokwenda uhazili walirudi likizo na viatu vya kisigino, wakaniuliza kama bado nachagua. Niliwajibu ndiyo, bado nachagua. Niliomba uuguzi mwenyewe, nikakosa, nikaomba tena. Nilipokubaliwa, baba hakukohoa. Aliuza mbuzi wake bila kumuuliza shemeji yake.

Siku ya safari nilimkuta mjomba stendi, anasimamia magunia yake yakipakiwa. Nikaenda mpaka mbele yake, nikapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

Akaendelea kumwelekeza mpakiaji.

"Shikamoo," nikarudia, kwa sauti, watu wakageuka.

Hakuitikia. Kunyimwa marahaba na mjomba hadharani, kwetu, ni sawa na kuambiwa huna ukoo. Niliumia. Nilimpenda mtu yule, ndiye aliyeninunulia daftari langu la kwanza. Hili siwafichi vijana: unaweza ukachagua sawasawa na bado ukamkosa mtu.

Sikurudia mara ya tatu. Nilipanda basi, nikachagua kiti cha upande wake, nikafungua dirisha ili anione vizuri.