Sauti Niliyoachiwa Kivukoni

Mwaka wazungu walipokimbia, tonton yangu, mjomba, alikuwa mpishi katika nyumba moja kubwa karibu na mto, na mimi nilikuwa mfua nguo hapo hapo, kijana wa miaka ishirini, tayari nina mke. Madame na bwana wake walifunga masanduku asubuhi wakaenda uwanja wa ndege, hata kahawa hawakumaliza. Walimwacha kasuku. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wa msitu wetu wenyewe, lakini Kifaransa chake kilikuwa cha Madame na sauti ilikuwa ya Madame, ile ya kuvuta mwisho wa neno kama mtu anayevuta kamba ya ndoo.

Tulikaa katika ile nyumba miezi kadhaa, hakuna aliyekuja kutufukuza. Tulikula kwenye sahani za Madame. Na katikati ya chakula kasuku aliita kutoka barazani: "Boi, maji ya moto." Tonton aliinuka kila mara. Mkono una mboga, yeye amekwisha simama, "Oui, Madame," hatua mbili kuelekea mlangoni, ndipo anakumbuka. Tulicheka mpaka machozi, na yeye alicheka pamoja nasi. Siku moja sikumngoja kasuku. Nilijificha nyuma ya mlango nikaita mimi, kwa sauti ile ile, na tonton akaja mpaka barazani. Akamwona kasuku amelala, kichwa ndani ya manyoya, kisha akaniona mimi. Hakucheka. Alisema tu, "Kasuku hajui anachofanya," akarudi kula.

Nimeanza mbali, najua. Watoto wangu wananiambia, papa, ukiulizwa njia ya soko unaanza na mtu aliyejenga soko. Shule nilifika darasa la tatu, donc ninapoandika nasikiliza mdomo wangu na kuufuata, na mdomo wangu una tabia ya kuzunguka, hasa mahali penye aibu. Lakini nitafika.

Baada ya ile nyumba nilibeba magunia kwenye gari-moshi upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, nilisuka viti, niliuza mafuta ya mawese, uasi wa kwanza ukapita, nikazika mke, nikaoa mwingine. Uzee uliponigusa mgongo nikawa mwita-watu kivukoni. Kazi yenyewe ni hii: pirogi, mitumbwi mirefu ya mota, zinavuka kati ya mji na Lubunga, na kila pirogi ina mtu wake wa kusimama juu ya ukingo na kuita abiria. Abiria hawaangalii pirogi, wanafuata sauti. Mama wa samaki aliyezoea sauti yangu, hata ukimwonyesha pirogi mpya yenye rangi, atakuja kwangu.

Sasa mwita-watu naye ana tumbo, na ana kiu. Akitaka kwenda kula, au kunywa kidogo lotoko, pombe yetu kali, nyuma ya maghala, atawaacha abiria kwa nani? Ndiyo maana tulikuwa na desturi, na hatukuwaambia watu wa nje. Mwenzako alikushikia sauti. Aliita kwa sauti yako, kikohozi chako, kila kitu, mpaka urudi. Wake zetu walikuwa wa kwanza kudanganywa. Mwanamke akiwa mbali anasikia bwana yake anaita, anafurahi, anasema mtu wangu ni wa kazi, kumbe mtu wake amelala na chupa.

Rafiki yangu pale alikuwa mwenye sauti iliyojulikana mji mzima. Ilipita puani, nyembamba, na katikati ilikatwa na kikohozi kidogo: "Nafasi iko moja... khm... na ni yako." Pirogi inaweza kuwa na watu arobaini na mbuzi wawili, nafasi bado iko moja. Mimi ndiye niliyemshikia. Mke wake aliishi Lubunga, mbali na ukingo, sauti zetu hazikumfikia; alilima mihogo, mwanamke mtulivu wa watu wa Yanonge. Aliniita shemeji.

Kabla tu ya ule uasi wa pili, huu wa juzi juzi, rafiki yangu alipanda baleinière, zile mashua kubwa za mbao, akaenda Basoko kutafuta samaki wa chumvi. Alinigonga bega. "Unishikie sauti. Wiki mbili nimerudi." Bon, vita vikaja vikaukata mto. Huku askari wa hawa, kule askari wa wale, na katikati maji tu. Kivuko chetu kiliendelea, lakini kutoka Basoko hakuna mashua, hakuna barua. Nilimshikia sauti miezi mitano. Wenzangu wakaniita pembeni, na mkubwa wao akasema, "Muzee, acha. Uko naita watu na mdomo ya mutu ambaye hatujui kama angali na mdomo." Nikaacha.

Halafu ikaja televisheni.

Palikuwa na kituo kidogo mjini, chumba kimoja, kamera moja, na mwalimu mmoja wa zamani ambaye alitaka kuwachekesha watu kila Alhamisi saa kumi na moja, kabla askari hawajafunga barabara. Alikuja kivukoni kututafuta sisi wenye midomo. Mashine ya kurekodi ilikwisha kuporwa, kwa hiyo kila tulichosema kilienda moja kwa moja katika nyumba za watu, ukikohoa umekohoa. Mwalimu alisema itakuwa saison, msimu, ya Alhamisi kumi na mbili. Wenye bunduki tusiwaguse, alisema, hata kofia zao. Donc tulibaki na wasio na bunduki. Tuliwacheka wauza chikwangue, ile mikate ya mihogo, waendesha toleka na baiskeli zao za kubeba watu, wajane wenye kelele. Mimi nilikuwa mzee wa avenue anayelalamika. Alhamisi tatu, na hakuna aliyecheka.

Ya nne ilikuwa mchezo wa kivuko. Kamera haikuweza kutuona wote, na Mwalimu akasema mwita-watu atabaki nyuma ya pazia, liputa, kitenge cha bluu kilichotundikwa, atasikika tu. Akanisukuma huko. Nilifungua mdomo, na iliyotoka haikuwa sauti yangu. "Nafasi iko moja... khm... na ni yako." Mwenye kamera alicheka mpaka picha ikatetemeka mjini kote.

Kesho yake watoto walinifuata njiani. Waendesha toleka walinibeba bure, wakinigombania. Nilikuwa karibu miaka sitini na sikuwa nimewahi kupendwa na watu nisiowajua. Sitadanganya, ilikuwa tamu. Alhamisi ya tano na ya sita nilirudi nyuma ya pazia, na kwa sababu Mwalimu alitaka habari za wiki, ile sauti ilisema kwanza juu ya mvua ya Jumanne iliyobomoa paa la soko, wiki iliyofuata juu ya bei ya chumvi.

Baada ya ile ya sita, nikitoka, nikamkuta mke wa rafiki yangu mbele ya lango. Amejipaka mafuta usoni, amevaa liputa la sikukuu, mikononi ana lituma, ndizi zilizopondwa, imefungwa ndani ya majani, bado inatoa moshi.

"Shemeji," alisema, "bwana yangu iko ndani?"

Nilimuuliza bwana gani, kama mjinga.

"Nilisikia kwa dirisha ya jirani, ule muzee wa gari-moshi. Weye nilikuona wiki ile ya kwanza. Yeye sikumuona, nilimusikia. Watu wananiambia eti ni kaseti. Kaseti gani itajua mvua ya juzi juzi?" Alicheka kidogo, aibu aibu, kama msichana. "Amerudi na hakuvuka. Amekasirika na mimi?"

Nyuma yangu wenzangu walikuwa wakitoka, wananipiga mgongo. Nilihitaji kusema maneno matano. Badala yake nilisema ametoka kwa mlango wa nyuma. Nilisema amepita kati ya askari kutoka Basoko, wakimwona watamwita mpelelezi, anajificha kwanza, na yeye asimwambie mtu. Uongo ulikuja wote pamoja, umevaa na viatu.

Alinipa lituma. "Mupelekee ingali moto."

Niliila nyuma ya kituo, nimechuchumaa. Ilikuwa na samaki ndani. Pilipili ilikuwa kidogo, kama alivyopenda rafiki yangu, mimi napenda nyingi. Niliimaliza.

Alikuja kila Alhamisi. Alileta sabuni. Alileta shati la bwana yake lililopigwa pasi. Nilipokea, nikasema atashukuru. Shati lile bado liko juu ya dari yangu huku nilikohamia, mke wangu alilileta na vyombo aliponifuata; sijalivaa, naye ameacha kuuliza.

Alhamisi ya tisa alikuja mapema, kabla ya mchezo, na hakujipaka mafuta. "Ndugu zangu walikuja kutoka Yanonge na pirogi," alisema. "Wanasema tukae matanga hata bila maiti, halafu Jumamosi wananirudisha kwetu mimi na watoto. Kama iko muzima, nabaki. Shemeji, sikuombi kumuona. Aseme tu neno moja ya kwetu. Aseme kama lituma ilikuwa na chumvi."

Hapo ndipo ningesema. Hakukuwa na mtu karibu, tulikuwa sisi wawili na mbuzi wa mlinzi. Mwalimu akatoa kichwa dirishani. "Mzee, dakika tano." Nikamwambia mke wa rafiki yangu, "Atasema. Kaa hapa chini ya dirisha usikie."

Na akasema. Katikati ya mchezo, nyuma ya liputa la bluu, mbele ya mji mzima: "Nafasi iko moja... khm... na weye mama wa Lubunga, lituma yako ilikosa chumvi, lakini nilikula yote." Chumba kililipuka kwa kicheko. Mwalimu alinikumbatia, akauliza wapi nilitoa hiyo.

Jumatatu nilipita kivukoni kwa kiburi changu. Waita-watu hawakunisalimu. Yule mkubwa wao akanieleza akiwa anakata kucha ya kidole gumba kwa kisu, bila kuniangalia. "Pirogi ya Yanonge ilienda Jumamosi. Yule dada alikataa kupanda. Anasema bwana yake iko hai, amemusikia. Ndugu zake walilia pale pale kwenye ukingo." Akapuliza kucha. "Vuka ukamwambie, Lubunga haiko mbali. Nafasi iko moja."

Wenzake walicheka, si kicheko cha televisheni.

Nilivuka kweli. Nilifika Lubunga, nikapanda mpaka kwenye njia ya nyumba yake, nikasikia anatwanga. Nikanunua ndizi kwa mtu wa njiani nikarudi.

Alhamisi ya kumi na mbili ilikuwa ya mwisho, na Mwalimu aliruhusu watu waingie wakae kwenye mabenchi, ili kicheko kisikike vizuri. Nilikuwa nimeshajipanga nyuma ya pazia niliposikia mlinzi mlangoni: "Wee mama ni nani?"

"Mimi ni mke ya Nafasi Iko Moja."

Mlinzi alifurahi sana. Akampitisha mbele ya wote, akawasukuma vijana wawili, akamketisha benchi la kwanza. Pazia lilikuwa na tundu la moto wa sigara, nikachungulia. Nilimwona kutoka magoti mpaka kidevu, mikono juu ya kifurushi cha majani. Kati yetu ilikuwa hatua tatu, labda nne.

Mchezo ukaanza. Mwenzangu aliyecheza abiria akaja na sanduku lake kichwani, akauliza kama kawaida, "Mwita-watu, iko nafasi?"

Nilibaki na jicho kwenye lile tundu.

Akauliza tena. Watu wakaanza kucheka, wakidhani kunyamaza ndiko mchezo wenyewe. Taa ya kamera ilikuwa nyekundu, mji wote unangoja. Nilifungua mdomo na nikaijua ile sauti ilipo, ilikuwa puani, tayari, na kikohozi chake. Mke wa rafiki yangu hakuwa akicheka. Aliinama mbele kuelekea pazia, akasema polepole, kama mtu anavyosema nyumbani usiku ukifika, "Papa ya watoto? Ni mimi."

Nilivua kofia nikaiweka juu ya kiti. Kwa ule mlango wa nyuma, niliokuwa nikimtolea bwana yake kila Alhamisi, nikatoka mimi. Nilisikia Mwalimu ananiita kwa mnong'ono, kisha kicheko kingine, kikubwa kuliko chote cha ile saison. Uani mbuzi wa mlinzi alikuwa anakula ganda la ndizi. Langoni mwendesha toleka alipapasa kiti cha nyuma cha baiskeli yake, akatabasamu. "Nafasi iko moja, papa."

Nilimpita kwa miguu. Nilikwenda mpaka mto Tshopo, nikavuka daraja kabla askari hawajalifunga, nikashika njia ya Buta, na mjini sijarudi.