Kanzu ya Kumi

Miaka kumi na miwili Dobi alifua kila kitu cheupe cha kanisa lile: kitambaa cha meza ya Bwana, joho la mchungaji na kanzu kumi za ubatizo. Kitambaa alikijua mpaka mshono. Kula kwenye meza yenyewe hakuwahi hata siku moja, maana hakuwa amebatizwa, na hakuna aliyebatizwa pale bila kufaulu mtihani.

Kusoma hakujua, ila masikio alikuwa nayo. Meza yake ya kupigia pasi ilikaa nyuma ya kanisa, chini ya dirisha la darasa la ubatizo, na maswali yote arobaini yalimfikia hapo, moja baada ya jingine, mkono ukienda na pasi. Swali la kwanza, kola. La pili, bega la kulia. La tatu, bega la kushoto. Maswali kumi, kanzu moja. Kanzu nne zikiisha, dini yote ameimaliza.

Mwaka huu akasema basi, na yeye aandikwe. Kifua kilikuwa kinambana, na mtihani wenyewe huja mara moja tu kwa mwaka. Ile kanzu ya kumi, pana kuliko zote, akaitenga pembeni na kuitia wanga mpaka ikawa inasimama yenyewe.

Mtahini alikuwa Mwinjilisti, mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki, Dobi ndiye aliyembeba mgongoni, kitoto hakina jino hata moja, na tangu siku hizo jina lake la nyumbani likawa Kibogoyo. Alimfulia sare za shule, akamfulia mpaka mashati ya chuo cha Biblia. Mwezi ujao Kibogoyo huyo angewekewa mikono, awe mchungaji.

Jumamosi ya mtihani kanisa lilijaa. Mwinjilisti alimwita dada yake kwa jina la kwenye karatasi, kama mtu anayeita wagonjwa kliniki. Dobi akasimama, na ulimi ukamtangulia.

"Nipo, Kibogoyo."

Watu waliangua kicheko. Kijana mmoja wa kwaya alicheka mpaka akaangukia ngoma. Mwenyekiti wa wazee, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, akauliza kwa upole kama hawa wawili wanafahamiana.

Mwinjilisti akajifuta mdomo. "Anatufulia," akasema.

Kisha akafunua daftari. Watahiniwa tisa waliotangulia alikuwa amewauliza kwa mpangilio, kuanzia swali la kwanza. Dobi akamwanzishia la thelathini na moja.

La thelathini na moja kwa namba Dobi hakuwa nalo. Alikuwa na kola. Akaanzia hapo, akashuka mabegani, midomo inacheza, mkono wa kulia unakwenda na kurudi hewani, kanzu ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akaifikia kola ya nne. Toba ni nini? Akajibu neno kwa neno. Mwinjilisti akarukia la kumi na tisa. Mkono ukaanza upya, na watu wakaanza kushika mbavu.

"Mama, hata ukisali unapiga pasi?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

Alipoacha kicheko kiishe, Dobi akalijibu la kumi na tisa, sawasawa. La saba, sawasawa. Hapo Mwinjilisti akavua saa, akaiweka juu ya Biblia, akatangaza kwamba Mkristo huulizwa imani yake popote, hata njiani. Ajibu kabla vidole vitano havijakunjwa. La thelathini na nane. Akavikunja mbio mbio. Dobi alikuwa bado kanzu ya pili.

"Mwakani," akasema Mwinjilisti.

Mwenyekiti alijua vidole vile vilikimbia kuliko saa. Aliitazama ile saa juu ya Biblia, akainama kutia ufunguo ya kwake.

Jioni Mwinjilisti alizunguka nyuma, huku akichungulia kama kuna anayemwona. Akaeleza kwamba angempitisha, watu wangesema amependelea ndugu. Halafu akatoa lililomleta: mke wa mwenye duka amefaulu, lakini kanzu zote zinambana. Ile pana ingemtosha, ikifupishwa mikono kidogo.

"Utanisaidia, dada?"

"Meno yote yameota, naona," Dobi akasema, akachukua sindano.

Jumapili alisimama ukingoni mwa birika la ubatizo na taulo begani, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mke wa mwenye duka alitoka majini akitweta, akaenda nyuma ya pazia, akavua kanzu na kumtupia ikiwa inachuruzika. Akamwambia siku nyingine awe makini, mkono wa kushoto umembana.

Dobi akaikamua. Ndani walikuwa wakitandika kile kitambaa alichokinyoosha asubuhi. Kupitia dirishani akamsikia mdogo wake akiwauliza wabatizwa wapya swali la kwanza, nao wakaitikia kwa pamoja.

Kola ilikuwa mkononi mwake. Hakujibu. Akatafuta kibanio cha nguo.