Mwanangu alinisalimia nikiwa na maji mdomoni

Admin, jina langu usiliweke. Mji nitautaja tu, ni Mafinga, maana mafundi huku tupo wengi na hakuna atakayejua ni yupi. Nina miaka hamsini na mbili. Ni seremala, natengeneza vitanda na makabati, na kanisani kwetu kwa Walutheri mimi ni mzee wa kanisa. Shule niliishia darasa la saba, mtanivumilia uandishi.

Nina mtoto mmoja wa kiume, nimwite Tumaini. Wengine ni mabinti, wameshaolewa. Tumaini nilimpeleka chuo Mbeya, akapanga chumba Ilomba, na huko ndiko alikokutana na vijana wa Kimormoni, wale wanaotembea wawili wawili na shati jeupe na tai. Mara akaacha chai, maana kwao ni mwiko, mara akabatizwa upya. Nikasema ni ujana. Mwaka jana akaja nyumbani na habari kwamba amepangiwa kwenda umisionari Korea, miaka miwili, na lugha yao atajifunza.

Siku ya kuondoka akapiga magoti sebuleni. Akasema, "Baba, siendi bila neno lako. Nitamkie."

Kwetu mtoto akisafiri mbali mzazi anamtamkia neno jema, halafu anaweka maji mdomoni anampulizia kidogo kichwani. Baba yangu alinifanyia hivyo, na mimi niliwafanyia mabinti zangu walipoolewa. Mke wangu alishaleta na kikombe.

Ila mimi nilikuwa nimejaa hasira. Jumapili iliyotangulia wazee wenzangu wa kanisa walinicheka, mmoja akaniambia, "Mzee, hongera, umewasomeshea watu mchungaji wao." Nikakisukuma kile kikombe. Nikamwambia mwanangu, "Lugha niliyokufundisha kuombea humu ndani imekushinda? Haya nenda. Na huko ulimi wako usifunguke."

Mke wangu akasema, "Baba Tumaini, rudisha hayo maneno." Sikurudisha. Kijana akainuka, akajipangusa magoti, akabeba begi. Hata stendi sikumsindikiza.

Tangu hapo hatujaongea. Anapiga kila Jumatatu asubuhi, ndiyo siku yao ya kufua na kupumzika, anaongea na mama yake kwa video jikoni. Karakana yangu iko nyuma ya dirisha la jiko. Nashika randa bila kuranda, nasikiliza. Kwa hiyo maisha yake nayajua yote. Anaamka kukiwa giza, anasali, anakaa na kitabu cha Kikorea. Maneno anayaandika kwenye vikaratasi anabandika kwenye kioo cha bafuni, anapiga mswaki huku anakariri. Halafu anatoka na mwenzake, kijana wa Kimarekani ambaye haruhusiwi kuachana naye, wanatembea kwenye theluji wanasalimia watu, na watu wanainamisha kichwa kwa heshima wanapita. Chakula ni kabichi ya pilipili, hata asubuhi.

Mama yake akamwambia, "Si uwaombe ugali?"

"Mama, hata kuomba kwenyewe ndiyo mtihani."

Wakacheka. Na mimi huku nyuma nikacheka, mkono mdomoni.

Baadaye kicheko kikaisha. Wenzake aliokwenda nao sasa wanahubiri, yeye akifungua mdomo hakuna kitu. Siku moja bibi mmoja aliwafungulia mlango. Maneno alikuwa ameyakariri asubuhi nzima, yakapotea yote. Yule bibi akamsubiri, akamsubiri, mwisho akampigapiga mkono kama unavyombembeleza mtoto, akafunga mlango. Tumaini akamwambia mama yake anafikiria kuomba arudi. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Usimwambie baba. Lakini kila nikitaka kuongea, namsikia yeye."

Nilikaa chini kwenye maranda.

Mimi ni mzee wa kanisa, nimewaambia watu wengi kwamba laana hazina nguvu kwa anayeamini. Lakini siku ile ninajua nilimaanisha nini. Nilitaka ashindwe.

Nikampigia dada yangu mkubwa, yuko Rujewa, nikamweleza yote. Akaniambia, "We mdogo wangu, ulilitoa kwa mdomo, liondoe kwa mdomo. Chukua maji."

"Yuko Korea, dada."

"Si anaonekana kwenye simu? Mpulizie humohumo."

"Itafanya kazi?"

"Mimi nitajuaje? Kwani wakati unamlaani uliuliza kama inafanya kazi?"

Jumatatu iliyopita nikajaza maji mdomoni kabla moyo haujarudi nyuma, nikaingia jikoni. Mke wangu akashtuka, akanigeuzia simu. Mwanangu amekonda. Nyuma yake yule Mmarekani anakunja mashati. Tumaini aliponiona akasimama, hukohuko Korea, kama mtoto anavyompisha mkubwa kiti.

"Baba. Shikamoo."

Mdomo umejaa maji. Kupuliza nikaona aibu, yule Mmarekani ananitazama. Kuitikia siwezi. Mwanangu anasubiri. Akarudia, polepole zaidi, "Shikamoo, baba."

Nikayameza. Yakanipalia, nikakohoa, nikatoka nje. Pale dirishani nikamsikia anamwambia mama yake, "Muache tu, mama. Angalau amekuja kuniangalia."

Anaamini nimemnyima itikio la shikamoo yake. Mke wangu ananiwekea chakula anaondoka. Jana kijana ametuma ujumbe kwa mama yake: akimaliza kuongea naye Jumatatu hii, anakwenda kuwaambia viongozi wake kwamba anarudi nyumbani.

Nikimweleza habari ya maji, atajua kwamba hata mimi naamini nimemfunga ulimi, na naogopa ndiyo nitakuwa nimemmaliza kabisa. Nikimwambia yalikuwa maneno ya hasira tu, nitakuwa nadanganya. Nikinyamaza atarudi, atakaa mbele yangu mezani, na hatakuwa na lugha yoyote ya kuongea na mimi.

Nishaurini ndugu zangu, hasa nyie wenye watoto mbali, nianze na lipi? Jumatatu asubuhi simu itaita, na marahaba yake bado ninayo mdomoni.