Noti Zilizoshonwa

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi walimwita Jicho, na hakuna aliyemwonea. Keshia yule alikuwa akijua umri wa noti kabla hujaiachia mkononi. Waliosema kipya kinyemi hawakumjua yeye. Raha yake ilikuwa zile noti za zamani ambazo benki bado zinazipokea lakini watu wameanza kuzisahau: karatasi nzito kidogo, saini ya gavana aliyekwisha kustaafu, alama ya maji unayoiona ukiinyanyua kwenye mwanga. Akiikuta moja kwenye droo, huitoa, huweka yake ya sasa, kisha huipeleka kwa Mzee Stempu, mkusanyaji mwenye kijiduka nyuma ya posta, ambaye hulipa mara kadhaa ya kilichoandikwa.

Ila jicho likizoea karatasi huacha kumtazama mtu. Nalisema mapema, msije mkanilaumu.

Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu utotoni, aliishi upande wa pili wa mji. Mtoto akiwa uani, shangazi hakupaza sauti; aligonga meza kwa mpini wa mkasi, ko ko ko, na mtoto akaja mbio. Lakini siku ya mwisho kuonana waligombana. Jicho alimsihi aweke benki pesa zake za mazishi, alizozificha asikokujua mtu.

"Unanihesabia siku?" shangazi akawaka. "Pesa hizo zitatoka siku nitakayotoka mimi!"

"Basi kaa nazo, shangazi. Mimi sirudi hapa kuhubiriwa kifo."

Maneno yakishatoka hayarudi kinywani. Misimu ikapita bila kuonana. Alisikia tu kwamba shangazi kampangisha chumba kijana mmoja mpole. "Afadhali," akajisemea, "kapata wa kumtekea maji." Akajifariji hivyo, maana kiburi nacho kinahitaji mto wa kulalia.

Halafu noti za zamani zikaanza kuja dukani. Mteja mmoja mwenye sauti laini alinunua kufuli, akalipa kwa noti ya zamani, safi, kali kama imetoka kiwandani. Moyo wa Jicho ukaruka. Mara nyingine akaja kununua saruji, akalipa kwa noti ambazo namba zake zilifuatana na ya kwanza. Kisha chokaa na mwiko wa kujengea.

"Hesabu vizuri, dada," alisema kila mara. "Nisije nikakupunja."

Jicho alihesabu, akanyanyua kwenye mwanga, akatabasamu. Kwenye ukingo aliona vitundu, akavipuuza. Noti nyingi za kale zina matundu ya pini za benki. Mtu huyu karithi, aliwaza, Mungu amzidishie. Akachomoa noti zake mwenyewe, akabadilisha.

Mzee Stempu alipozipokea safari ile, alizisogeza chini ya kioo chake cha kukuzia, akakunja uso.

"Mwanangu, leo umeniletea chekecheke. Bei nakata nusu."

"Kwa vitundu vya pini, mzee?"

"Pini hutoboa mahali pamoja. Hapa sindano imetembea ukingo mzima. Noti hizi zilishonewa ndani ya kitu, godoro au mto. Na fundi wake si wa kubahatisha: anakwenda mbele, anarudi nyuma kidogo, ndipo anaendelea. Uzi wenyewe huu, bado umenasa."

Uzi ulikuwa wa kijani. Jicho alivaa sare za shule zilizoshonwa kwa uzi ule na kwa mwendo ule ule wa kurudi nyuma, "ili zisikufumukie njiani," shangazi alikuwa akisema. Alijaribu kuikumbuka sura ya yule mteja, hakuipata. Namba za noti zake alizikumbuka zote. Vitu alivyomuuzia navyo vikamrudia kimoja kimoja: kufuli, saruji, chokaa, mwiko.

"Una nyingine?" Mzee Stempu akauliza. Jicho alikuwa ameshatoka.

Uani kwa shangazi kulikuwa kimya na mchana bado mweupe. Dirisha la chumba cha cherehani halikuwapo tena; mahali pake palizibwa kwa matofali, saruji mbichi bado. Mlangoni lilining'inia kufuli lenye chapa ya jogoo. Alilijua. Alilipokelea pesa akitabasamu.

"Shangazi! Ni mimi, shangazi, nisamehe!"

Kisha, kutoka ndani, kwa mbali na kwa udhaifu: ko. Ko. Ko.

Alilia kwa sauti bila kujali majirani. Kila auzaye vifaa anajua kwamba kufuli la jogoo lina sifa mdomoni tu. Ukilipiga jiwe ubavuni linaachia. Akaokota jiwe, akapiga. Likaachia.

Mkono wake ulikuwa kwenye komeo geti lilipolia nyuma yake, na mfuko mzito ukatuliwa chini.

"Dada wa dukani," sauti laini ikasema. "Hesabu haikutimia?"

Jicho aligeuka, jiwe bado mkononi, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.