Wang'ambo Watatu

Dada yangu anajaza fomu za watu. Ana meza, kiti cha plastiki, kalamu tatu za wino mweusi na jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke, na kituo chake ni baraza la ofisi ya vitambulisho. Wanamwita Mama Fomu. Mimi natengeneza baiskeli hatua kumi kutoka hapo, kwa hiyo ninayosimulia nimeyaona kwa macho yangu. Na niseme mapema: mimi ni mtu wa hasira za karibu, dada ndiye mtulivu. Tumetoka tumbo moja, lakini mimi pilipili, yeye maji ya mtungi.

Sisi ni Wang'ambo. Babu yetu alivuka mto akiwa kijana, akaja kupasua mawe ya reli, akaoa, akazaa, akazikwa hapahapa. Baba kazaliwa hapa, sisi tumezaliwa hapa, na huo mto wenyewe mimi nimeuona kwenye ramani tu. Lakini fomu ya kitambulisho ina visanduku viwili vinavyofuatana. Cha kwanza ni Uraia, na hapo hakuna maneno. Cha pili ni Asili, na hapo unaandika Mwenyeji au Mng'ambo. Ukiandika Mng'ambo, faili lako linakwenda kamati. Sheria haikunyimi kadi, bwana. Inakuchelewesha tu mpaka uote mvi.

Dada hakupenda kuona wazee wanazungushwa. Kwa miaka ishirini na miwili, kila mtu wa kwetu aliyefika mezani kwake akihema na kusema "Mwanangu, nisaidie," dada alimwangalia, akainama, akaandika Mwenyeji. Baada ya wiki mbili kadi imetoka. Alianza na mzee kinyozi wa mtaa wa pili, rafiki wa marehemu baba. Wakafuata mkunga, fundi viatu, na wengine wengi. Mimi pia. Yeye mwenyewe pia. Hakuna aliyeona ubaya, na mimi niliona huo ni ujanja wa kupigiwa makofi.

Mwaka huu binti yake kapata nafasi chuo cha uuguzi. Nyumba nzima tulipiga vigelegele, maana kwetu hakuna aliyewahi kupita sekondari. Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya wiki tano, na bila kadi hupokelewi. Basi dada akamjazia fomu kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Kwenye Asili akaandika Mwenyeji bila hata kupumua, akamsogezea asaini.

Binti akasoma yote, akaweka kalamu chini.

"Mama, hapa nasaini kwamba yaliyoandikwa ni kweli tupu."

"Ndiyo. Saini."

"Lakini si kweli."

"Ala!" nikadakia kutoka kwenye baiskeli zangu. "Na huo ukweli ndio utakaokupa kadi?"

"Mjomba, mimi ni raia wa hapa. Na babu yake mama alitoka ng'ambo. Kwani hayo mawili yanagombana? Naenda kuandika dozi za wagonjwa. Nianze kazi kwa uongo?"

Nilichemka mpaka spana ikaniponyoka. Mtoto amepewa njia nyeupe, yeye anataka kupita miibani! Nikamgeukia dada amkaripie. Dada alichana ile fomu, akachukua nyingine, akaandika Mng'ambo.

Wakaipeleka dirisha la tatu. Yule mama wa dirisha la tatu anatujua miaka yote, na si mtu mbaya. Akaitazama fomu, akaitazama kadi ya dada.

"Mama Fomu, kadi yako inasema Mwenyeji. Binti ung'ambo kautoa wapi?"

"Kwangu," dada akajibu. "Kadi yangu ndiyo yenye makosa."

Yule mama akashusha pumzi. Akaeleza taratibu: kadi ya dada itabaki ofisini mpaka aombe upya. Na kwa binti, kamati itataka wazee watatu Wang'ambo waliomjua babu. Akavuta daftari la kata ili awape majina. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akarudi nyuma. Hakukuwa na Mng'ambo hata mmoja aliyezidi miaka sitini. Wazee wote wa kwetu walikuwa Wenyeji, na fomu ya kila mmoja wao ilijazwa kwa wino mweusi wa dada yangu.

Lo! Siku hiyo dada alirudi mezani akashika tama. Wateja wakasubiri, hakuwaona.

"Twende tukawaombe wazee," nikamwambia. "Wapo, wanajulikana."

"Nikawaambie nini? Wavue kadi zao kwa ajili ya mwanangu? Mkunga anatibiwa kwa ile kadi. Kinyozi ana leseni kwa ile kadi. Mimi niliwaficha, leo niwafichue? Sitawaomba. Na wewe funga mdomo wako."

Nilifunga siku tatu. Siku ya nne nilikwenda kunyoa, na unajua kiti cha kinyozi kilivyo. Alipofika kisogoni nikawa nimemaliza kusimulia. Mzee aliendelea kunyoa, akanipangusa shingo, akaita mteja mwingine. Nikatoka najilaani kwa domo langu.

Siku ya kamati, ambayo mama wa dirisha la tatu alituwahishia, tulikaa kwenye benchi, mimi, dada na binti. Zilikuwa zimebaki siku nne chuo kifunguliwe. Mwenyekiti, naye mama huyo kakaa pembeni yake na daftari, akauliza mashahidi wako wapi. Dada akasimama, akasema, "Sina." Alisema kwa sauti ileile ya siku zote, lakini binti akaanza kulia, na mimi roho ikaniuma vibaya sana.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mzee kinyozi na koti lake jeupe la kazini, nyuma yake mkunga na fimbo, na fundi viatu kamshika mkunga mkono. Kinyozi akaweka kadi yake mezani.

"Mimi Mng'ambo. Babu wa hawa ndiye aliyenifundisha kunoa wembe."

"Mzee," akasema mama wa dirisha la tatu, "hapa imeandikwa Mwenyeji."

"Nilimwomba aandike hivyo. Nilikuwa na haraka. Sasa sina."

Mkunga akaweka yake juu ya ile ya kwanza. Fundi viatu akaweka ya tatu. Mwenyekiti akawahoji mmoja mmoja, akawaandika, akazifungia kadi zote tatu kwenye bahasha. Akamwambia dada kwamba kosa jingine kama hilo, meza yake itaondolewa barazani. Kisha akagonga muhuri kwenye faili la binti, akasema kadi yake itatoka kesho.

Nje, dada alishindwa kuwatazama wale wazee usoni. Alibaki kasimama mbele ya meza yake na khanga mdomoni.

"Wamewachukulia kadi," akasema. "Nimewaponza."

Kinyozi akavuta kile kiti cha plastiki, akamkalisha.

"Andika upya," akamwambia. "Na safari hii usinihurumie."

Dada akafuta macho, akatoa fomu tatu. Mimi nikaenda kuwatafutia wazee viti.