Moshi wa Maharagwe na Kengele ya Musienene

Nakumbuka asubuhi moja ya vita pale Musienene, mwanangu, nilipofunga mfuko wa plastiki juu ya kengele ya moto nikajiona nina akili.

Nilikuwa fundi wa umeme wa kanisa letu. Wakimbizi walilala katika ukumbi, juu ya mikeka na majani makavu. Tulipewa kengele mbili, moja ya moshi, nyingine ya joto. Nikawaza: moshi uko jikoni, basi ya moshi iende jikoni. Ya joto nikaiweka ukumbini. Lakini maharagwe yetu yalichemka kutwa kwa kuni mbichi za mkaratusi, na kengele haikunyamaza. Mama Kavira, mkuu wa wapishi, akanitania, “Fundi, kitu yako inalia kupita batoto yetu yote.” Wanawake wakacheka. Kwa aibu, nikaifunga mfuko.

Mzee Paluku, shemasi aliyenifundisha kazi, aliuona. Hakupaza sauti.

“Kijana, mulinzi anasema kweli, na wewe unamufunga kinywa? Kosa haiko yake. Ni wewe ulimuweka pahali mubaya.”

Akaifungua, akanionyesha. Ndani mna chumba kidogo chenye mwanga unaopita bila kuligusa jicho lake, kidude kinachohisi mwanga. Moshi ukiingia, unautawanya mwanga, jicho linauona, kengele inalia. Ile ya joto haijali moshi; hungoja hewa iwe moto sana. Jikoni inafaa. Penye watu waliolala, kungoja joto ni kuchelewa. Tukazibadilisha mahali siku ileile.

Jumapili iliyofuata, tukiwa ibadani, kengele ya ukumbini ililia. Baridi ya kwetu unaijua: mzazi mmoja alikuwa amewasha mbabula, jiko la makaa, karibu na wachanga waliolala, na blanketi lilikuwa linafuka, bila mwali bado. Mama Kavira alitangulia kuingia, akatoka na watoto wawili kifuani. Wenzake wakawatoa waliobaki, wote wazima. Vita vilituchukulia mengi, lakini siku ile hatukuzika mtu. Hadi leo najivunia wanawake wale, na mzee aliyenikosoa kabla ya msiba.

Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu. Anayekuonya akikuchosha, usimnyamazishe. Jiulize kwanza kama ulimweka mahali panapomfaa. Na ukikosolewa, rekebisha kabla jua halijatua.

Mungu aliyewalinda wachanga wale akupe sikio jepesi, na nyumba yako ilale salama.