Nyigu wa Nyuma ya Jiko

Mimi ni mtu wa parseli, wa kukaa ndani ya ua wangu. Watu wa Butembo wanajulikana kwa safari za biashara. Mimi, kwenda Beni tu kusalimia ndugu wa Mavivi, ninahitaji wiki nzima ya kutayarisha moyo. Nikiulizwa kazi, ninajibu kwamba ninalinda nyumba. Bibi yangu niliyemwoa husema nyumba ndiyo inanilinda.

Basi nyumba ikaingiliwa. Nyuma ya jiko, nyigu wa manjano walichimba tundu ardhini, wakawa wanaingia na kutoka kama watu wa soko. Wiki ya kwanza nilisema watahama wenyewe. Wiki ya pili nilisema nao ni viumbe vya Mungu. Wiki ya tatu bibi yangu alileta habari: bamama wa kanisa, wanaosali kila Jumapili nyumba kwa nyumba, wamekubali kuja kwetu. Aliingojea zamu hiyo miaka mingi, maana parseli yetu ni ndogo, na mahali pekee pa kuwaketisha ni pale pale nyuma ya jiko.

"Baba," aliniambia, "kama hawa badudu bangali hapa Jumamosi, nitapeleka bamama kwa jirani."

Jirani ana parseli yenye sementi. Nilielewa uzito wa maneno.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Huyu mafuta ya taa, yule moshi wa pilipili. Fundi wa cherehani wa mbele ya nyumba yetu alisema kuziba tu kwa udongo. Wote walikubaliana jambo moja: ngoja jioni, wakisha kulala. Mais mimi nilimaliza sekondari, tena nilisoma biolojia. Niliwaza kwamba mchana nyigu wako kazini, donc nyumba yao iko tupu.

Ijumaa saa sita, bibi akiwa sokoni, nilivaa bote za mpira na koti la mvua, nikajifunika chandarua kichwani, nikamimina sufuria ya maji ya moto ndani ya tundu.

Nyumba haikuwa tupu.

Nilitoka mbio mpaka barabarani, mdomo nimeufunga ili wasiingie, chandarua kikipepea nyuma kama veli ya bibi-arusi. Ule ukimya ndio ulioharibu. Kwetu, mtu akikimbia na makelele, tunajua ni mwizi. Mtu mzima akikimbia kimya, tena mtu asiyeonekana nje tangu Noeli, ni waasi wameingia, hakuna anayeuliza. Kila mtu anakimbia naye. Fundi aliacha cherehani. Muuza unga alifunga duka. Mama anayeongoza sala za kikundi, yeye mwenyewe, alitoka na mjukuu mgongoni na godoro kichwani. Nilipogeuka niliona mtaa mzima nyuma yangu, na kwa kuona watu wengi hivyo wanakimbia, nikaongeza mwendo. Niliwaza kumbe kuna jambo.

Tuliishia darajani. Mama wa godoro aliniuliza wako wapi. Nikamuuliza nani.

"Bale benye ulikuwa unakimbia."

Nikamwonyesha sikio langu, limevimba kama andazi. "Ni nyigu, mama."

Alinitazama sana. "Niliacha maharagi kwa moto sababu ya nyigu?"

Nikamwomba msamaha, kisha nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama Jumapili bado watakuja. Alisema nibebe kwanza godoro. Nililibeba kupanda mlima wote wa kwetu Mususa, watu wakinipisha kwa heshima na kucheka nikishapita.

Habari ilikuwa imefika sokoni, kwamba adui ameingia mjini amefunikwa nyeupe mpaka usoni. Bibi yangu alifika akihema, akakiona chandarua mlangoni. Jioni alikwenda mwenyewe kumwita fundi, naye akaziba tundu kwa udongo kabla sijamaliza kumweleza nadharia yangu.

Jumapili tulitandika mikeka, tukangoja. Saa ilifika, ikapita. Bibi yangu alikuwa ananyoosha mkeka uliokwisha kunyooka. Halafu wakaanza kuingia, bamama wa kikundi na wasio wa kikundi, hata Wakatoliki, maana kila mtu alitaka kuona tundu. Parseli ilijaa mpaka mlangoni. Mama wa godoro alifumba macho, akamshukuru Mungu anayetulinda na maadui, wale wa kweli na wale wa baba wa hapa.

Bibi yangu aliitika amina kwa sauti kupita wote.